Maswali ya Wasomaji: Kuacha Fimbo ni Jambo Moja, Kuacha Shule ni Jingine

Barua za mwezi huu kuhusu malezi zilikuwa nyingi kuliko kawaida, nami nimechagua tatu. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa kuwa ndani yake yamo karibu yote yaliyoulizwa na wengine. Majina ya wote watatu nimeyaficha kwa ombi lao.

Barua kutoka Langoni, Lamu

Assalamu alaykum, Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu. Mkubwa ni msichana wa miaka 12, wa pili ni mvulana wa miaka 9 aliye Gredi ya 4, na mdogo ana miaka 3. Mume wangu anafanya kazi Mombasa na huja nyumbani mara moja kwa mwezi, kwa hiyo malezi ya kila siku yako juu yangu na juu ya mavyaa wangu, ambaye tunaishi naye nyumba moja.

Nimelelewa kwa fimbo na nimelea kwa fimbo. Sikuwa nikipiga kwa chuki. Nilikuwa nikipiga kama mtu anavyotia chumvi mchuzini, kwa kuwa ndivyo upikwavyo. Mwiko, kandambili, ufito wa mkwaju, chochote kilichokuwa karibu na mkono. Kosa kubwa la mvulana wangu ni kuchelewa: akitoka chuo cha Kurani baada ya alasiri hupita kwa seremala mmoja anayechonga milango, akasimama pale akitazama hata magharibi ikamkuta. Miezi mitatu iliyopita nilikuwa nafua nguo, nikatambua kwamba kila siku kulikuwa na kaptura zake mbili, zote zimelowa jasho. Nilimwuliza kwa nini anavaa mbili katika joto hili la kaskazi, naye akanijibu bila kuinua uso kwenye sahani yake: "Moja ni ya kuvaa, moja ni ya fimbo."

Tangu siku hiyo sijampiga tena. Nilidhani atatulia, lakini amezidi. Ananijibu, anachelewa zaidi ya zamani, na nikimwambia hapana hunitazama kama anayesubiri kuona nitafanya nini. Mavyaa wangu kila siku ananisomea "mchelea mwana kulia hulia yeye", na kusema kwamba nimejilegeza kwa kufuata mambo ya simu. Kisha binamu yangu anayeishi Uingereza amenieleza kwamba zipo familia zilizowatoa watoto wao shuleni kabisa, hazina ratiba wala mitihani, na mtoto hujifunza lile analolipenda mwenyewe. Nimeanza kufikiri kumtoa mvulana wangu shule, ambako pia hapendi kwenda, akae kwa seremala, aendelee na chuo chake cha Kurani, nami nimsomeshe kusoma na kuandika jioni. Mkubwa sina shida naye. Hunisaidia kukanda na kukaanga mahamri ya kuuza kabla ya kwenda shule. Je, nimeharibu kwa kuacha fimbo? Na hili la shule unalionaje?

Jibu

Waalaykumu salaam, mwanangu. Nitakuita hivyo kwa kuwa umri wangu unaniruhusu, na kwa kuwa yaliyokufika nimeyapitia. Nilifundisha shule ya msingi kwa miaka 31. Mwaka 2001, serikali ilipofuta kanuni zilizokuwa zikiruhusu viboko shuleni, nilikuwa na bakora iliyokaa mezani pangu pamoja na chaki. Niliitoa shuleni kwa utiifu, nikaipeleka nyumbani, na wanangu wakaendelea kuionja kwa miaka miwili zaidi. Usinisome, basi, kama mtu aliyezaliwa mpole.

Nianze na ile kaptura ya pili. Mtoto wa miaka 9 alikaa akapiga hesabu: kwa seremala kuna raha ya kiasi hiki, nyumbani kuna maumivu ya kiasi kile, na nguo moja zaidi inayapunguza maumivu hayo hata yakawa bei anayoweza kuimudu. Akawa anailipa kila siku. Wewe uliyekuwa ukisimama mlangoni giza likiingia, ukimuwazia bahari na mitumbwi, humo katika hesabu yake hukuwamo kabisa, kwa sababu akili yake yote ilikuwa imeshughulishwa na fimbo. Ndiyo maana sasa, fimbo ilipoondoka, haoni kilichobaki cha kumrudisha nyumbani mapema. Kwa miaka tisa neno lako la "hapana" lilikuwa ni tangazo tu la kipigo kinachokuja nyuma yake. Kipigo kimekoma, neno limebaki tupu, na litachukua muda kujaa. Kwa niliyoyaona mimi, ni suala la miezi. Hujaharibu. Umefika katikati ya kivuko, mahali ambapo wengi hurudi nyuma kwa kudhani wamepotea.

Barua yako, hata hivyo, imefunga mambo mawili kwa kamba moja, nami naomba tuifungue. Kuacha fimbo ni jambo ambalo umekwisha kulifanya bila kuomba ruhusa kwa mtu yeyote. Kuacha shule kunagusa sheria, mitihani, watoto wako wengine na miaka kumi ijayo. Anayeyachanganya huweza kuamini kwamba mama mpole ni lazima awe mama asiye na shule, na siku shule ya nyumbani itakapomshinda, atadhani kuwa upole nao umeshindwa.

Nikianza na la kwanza, naona mavyaa wako ana methali nzuri anayoisoma nusu. Mchelea mwana kulia ni mzazi anayekiogopa kilio cha mtoto, na fimbo haikutajwa humo hata kidogo. Basi usikiogope. Kaa na mwanao siku ambayo hakuna aliyekasirika, mkubaliane kwamba adhana ya magharibi ikimkuta hajafika nyumbani, kesho yake hatapita kwa seremala, atatoka chuoni na kuja moja kwa moja. Atachelewa, kwa hakika, kwa sababu anataka kujua kama neno lako lina kitu ndani. Siku hiyo usipige kelele wala usimsomee khutuba. Mwambie tu kwamba kesho ni nyumbani. Kesho yake atalia, tena sana, na huenda akavunja kitu. Mwache alie, nawe kaa karibu naye, usimkejeli na usibadilishe neno. Huko ndiko kutomchelea mwana kulia, na nadhani hata mavyaa wako, akikuona umekaa imara namna hiyo huku mtoto anagaragara sakafuni, atapata shida ya kukuita mlegevu.

Jambo hili wataalamu walilitenganisha zamani. Diana Baumrind, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, alieleza katika miaka ya 1960 aina tatu za wazazi: mwenye kuamrisha tu na kutaka atiiwe bila swali, mlegevu asiyemwekea mtoto mpaka wowote, na yule wa tatu aliye na mipaka thabiti lakini huieleza, humsikiliza mtoto, na humwonyesha mapenzi. Watu wengi wa kwetu wanazijua mbili za kwanza tu, ndiyo maana ukiitoka moja wanaamini kwamba umeangukia ya pili. Wewe unakwenda kwenye ya tatu, ambayo kwa kazi ya kila siku ni nzito kuliko zote, kwa sababu kofi humaliza sekunde moja na mazungumzo humaliza jioni nzima.

Liko jingine ambalo hukuliuliza. Umemwomba radhi? Najua kwamba kwetu radhi hupanda kutoka kwa mtoto kwenda kwa mzazi, na mama kumwomba radhi mwanawe huonekana kama kuuvaa mtandio miguuni. Mimi nililifanya nikiwa nimechelewa mno, na nilitetemeka kuliko siku ya ndoa yangu. Maneno hayahitaji kuwa mengi: "Nilikuwa nikikupiga, na nilikosea, niwie radhi mwanangu, sasa najifunza njia nyingine, na nitakapokosea nitakuambia." Usiongeze "lakini nawe ulikuwa unanichokoza." Hilo "lakini" huyala yote yaliyotangulia.

Na utakosea. Mama aliyeamka kabla ya alfajiri kukanda unga, mumewe yuko Mombasa, mdogo wa miaka 3 ameshika upindo wa nguo yake, mkono wake utainuka siku moja bila kumwuliza. Mafundisho yetu wenyewe yamesema aliyeghadhibika akiwa amesimama na aketi. Toka ukakae dakani, utazame punda wanaopita, uchelewe kujibu. Ukipiga, usidhani miezi mitatu imepotea; omba radhi tena na uendelee.

Sasa nije kwenye shule. Fikra aliyokueleza binamu yako ina historia. John Holt, mwalimu wa Marekani aliyefariki mwaka 1985, alikaa madarasani akiwatazama watoto kwa makini, akaandika katika miaka ya 1960 kwamba wengi wao hutumia akili zao kutafuta jibu litakalomridhisha mwalimu na kuwaondolea aibu, badala ya kulifikiria swali lenyewe. Kwa muda alitumaini kuzirekebisha shule, kisha akakata tamaa, na mwaka 1977 akaanzisha jarida la kuwasaidia wazazi waliotaka watoto wao wakue bila shule. Tofauti na wale wanaoihamishia shule nyumbani pamoja na vitabu na ratiba yake, watu wa njia hii humwacha mtoto aongozwe na shauku yake, na mzazi akawa msaidizi: anayemtafutia vitabu, watu, vifaa na safari.

Sisi watu wa Lamu tukilisikia hilo huwa tunacheka kidogo, maana mafundi wa majahazi wa Matondoni hawakujifunza kupanga mataruma, yaani mbavu za chombo, na kutia kalfati ya kuziba nyufa za mbao kwa kukaa kwenye dawati. Nilikwenda mwenyewe kukaa alasiri mbili katika karakana ya fundi mmoja wa milango hapa mjini. Kulikuwa na mvulana wa miaka 11 aliyepewa ubao wa kizingiti, sentimita 90 kutoka mpaka hadi mpaka, akaambiwa apange humo maua saba yaliyo sawa. Alichukua uzi wa urefu ule akaukunja mara mbili, kisha mara mbili tena, kisha tena; akapata nafasi nane. Akaukunja mara tatu, na kila fungu mara mbili, akapata sita. Saba haikunji, na fundi alikuwa akimtazama kwa pembe ya jicho bila kusema neno. Kesho yake mvulana akachukua bikari, akaifungua kwa kukisia, akaitembeza juu ya ubao hatua saba, ikambakia nafasi ya upana wa kidole mwishoni. Akaifungua zaidi kidogo, ikapita mpaka. Akaibana tena. Mara ya tano hatua ya saba ikatua juu ya mstari wenyewe, naye akaangalia huku na huku kuona kama kuna mtu aliyeona. Mwalimu wake wa shule aliniambia kwamba mvulana huyohuyo akiitwa ubaoni kugawanya 90 kwa 7 huandika nambari yoyote ili aruhusiwe kuketi.

Kwa hiyo sikubezi mwanangu unapoona kitu kwa seremala. Lakini alasiri ileile fundi yule alimpiga kofi la sikio mwanafunzi mwingine aliyepasua ubao, na hakuna aliyeshangaa. Ufundi wetu wa zamani ulifundisha kwa kutenda, ndiyo. Kwa upole, mara chache. Na mvulana wa maua saba, katika alasiri zote mbili, hakusoma hata mstari mmoja. Karakana hufundisha kinachohitajika karakanani, na yaliyobaki inabidi mtu mzima mwenye nafasi, vitabu na utulivu ayalete. Wazazi wanaofanikiwa katika njia hii huwa wako na mtoto saa nyingi za mchana. Wewe umeniambia utamsomesha jioni, baada ya mahamri, mdogo, mavyaa na kufua. Ninakuamini katika kila kitu isipokuwa hicho.

Sheria nayo ipo. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi iliyo bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule au taasisi nyingine iliyoidhinishwa, na mzazi anayekaidi bila sababu ya msingi anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 30,000, au kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Upo pia upande wa tathmini, ambao binamu yako aliye Uingereza hawezi kuujua: mtoto wetu anapopangiwa shule ya sekondari ya juu, asilimia 20 ya alama zake hutokana na tathmini ya Gredi ya 6, asilimia 20 na kazi alizofanyia shuleni katika Gredi ya 7 na 8, na asilimia 60 na mtihani wa Gredi ya 9. Ukimtoa leo akiwa na miaka 9, akabadilisha nia akiwa na 14, atakuta mlango umekwisha kupunguzwa upana.

Kisha kuna binti yako. Umeniandikia kurasa mbili, na yeye amepata sentensi chache tu, na iliyo ndefu inahusu mahamri. Umesema huna shida naye. Watoto tusiokuwa na shida nao ndio tunaopaswa kuwatazama mara mbili, kwa kuwa baadhi yao waliacha kutusumbua siku walipoona jinsi tunavyomfanya anayesumbua. Uhuru wa kujifunza ukiingia katika nyumba zetu, mara nyingi humpeleka mvulana kwa seremala na kumwacha msichana jikoni, na wote wawili tukasema wanajifunza maisha. Mwulize, mkiwa wawili tu, angefanya nini na alasiri moja iliyo yake kabisa. Huenda akasema kulala. Mpe hiyo alasiri.

Ushauri wangu ni kwamba mvulana abaki shule, nawe ukapunguze ukali unaozunguka shule hiyo. Alama zake zisiwe habari ya kwanza unayomwuliza akiingia. Nenda kwa mwalimu wake, umwulize kwa adabu kwa nini mtoto hapendi kwenda, na kama jibu ni kiboko, mkumbushe mwalimu mkuu kwamba sheria hiyohiyo ya 2013 inakataza adhabu ya viungo na inaweka faini ya hadi shilingi 100,000 au kifungo cha hadi miezi sita. Ukipuuzwa, ofisi ya elimu ya kaunti ipo, na nambari 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo. Halafu nenda kwa seremala, na mkono usiwe mtupu, mchukulie mahamri. Mwombe amchukue mwanao alasiri mbili kwa wiki kwa makubaliano, ampe kazi badala ya kumwacha asimame tu, na mwambie wazi kwamba mtoto huyu hapigwi. Anayechelewa kwa kuiba muda huwa na mwenendo tofauti na anayejua kwamba Jumatatu na Jumatano ni zake.

Barua kutoka Shella, Malindi

Mwalimu, mimi ni mvuvi na baba wa kijana wa miaka 13. Anatoroka shule kuja kukaa na vyombo ufuoni. Nampiga, anatoroka tena. Mke wangu ameanza kusema tumwache achague maisha yake na tuache kumpiga. Mimi najua kwamba dini imeamrisha mtoto apigwe akifika miaka kumi, na sisi tulipigwa, tukawa watu. Nani mwenye haki?

Jibu

Ndugu yangu, mimi si mufti, na lile la dini ulipeleke kwa shehe unayemwamini. Lakini mpelekee Hadithi nzima. Inasema watoto waamrishwe sala wakiwa na miaka saba, na kipigo hakikutajwa mpaka kumi. Kati ya saba na kumi kuna miaka mitatu. Ukihesabu sala tano kwa siku katika miaka ya Hijria, ni zaidi ya mara 5,300 za kumwita mtoto, kumwonyesha na kusimama naye, bila kumgusa. Ni nani kati yetu aliyezitimiza hizo kabla ya kuishika fimbo? Tena inazungumzia sala, na wanazuoni wameweka masharti mengi: kusiumizwe, kusiachwe alama, uso usiguswe. Kumtandika kijana kwa sababu ya kutoroka shule, ukiwa umekasirika, hakumo humo. Mwulize shehe wako pia kuhusu Anas bin Malik, aliyemtumikia Mtume (s.a.w.) tangu utotoni kwa miaka kumi na akasimulia kwamba katika muda wote huo hakuwahi kuambiwa hata "uff".

Wala usidhani kwamba kuusema vibaya ukali ni mtindo wa Wazungu wa leo. Imamu Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alishauri kwamba mtoto akitoka chuoni aachwe acheze mchezo mzuri, kwa kuwa kumnyima mchezo na kumchosha kwa masomo huua moyo wake, huididimiza akili yake, na humfanya atafute hila ya kuyakimbia masomo yote. Mwanahistoria Ibn Khaldun naye, mwaka 1377, aliandika kwamba ukali humdhuru mwanafunzi, hasa aliye mdogo. Anayelelewa kwa nguvu hujifunza uongo, na kuonyesha nje kisichokuwa ndani, kwa kuiogopa mikono iliyo juu yake. Kijana wako anatoroka. Wazee hao wawili wasingeshangaa.

Na kuhusu kwamba mlipigwa mkawa watu, wewe ni mvuvi na utanielewa: wapo waliovuka mlango wa bahari katika mawimbi ya kusi bila jaketi la kuokolea, wakafika. Hatuwahesabu hao peke yao. Elizabeth Gershoff, mtafiti wa Marekani, pamoja na mwenzake walichapisha mwaka 2016 uchambuzi wa tafiti za takriban miaka 50, zilizowahusu watoto zaidi ya 160,000, wakakuta kwamba kupigwa, hata kule tunakokuita kwa mkono tu, kunafuatana na ukaidi na tabia mbaya zaidi, wala si utiifu wa kudumu.

Mkeo ana haki katika fimbo. Katika shule, anakimbilia mbali kuliko ninavyokubali, kwa kuwa kijana wa miaka 13 anayetoroka hajachagua kitu bado. Amekimbia kitu tu, nanyi hamjakijua. Mchukue chomboni siku isiyo ya shule, bamvua au maji mafu, usimwulize lolote hadi nyavu ziwe zimetupwa, kisha umwulize darasani kuna nini. Vijana husema zaidi wakiwa wameangalia maji kuliko wakiwa wameangaliwa usoni. Na akisema anataka bahari, usimcheke. Mwambie unavyosomewa mizani na mnunuzi wa samaki usiyeweza kumhakiki, na umwonyeshe karatasi za leseni ambazo huwa unamwomba mtu mwingine akujazie, kama ndivyo ilivyo kwako. Atajua kwamba unamwambia kweli.

Barua kutoka Malindi

Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 17. Baba yangu alinipiga kwa kila kitu, hata kwa alama za hesabu. Sasa ana mdogo wangu wa miaka 6, na amebadilika. Humpigia magoti, humwuliza amekasirishwa na nini, na kumkumbatia. Kila mtu anamsifu. Nafurahi kwa ajili ya mdogo wangu, lakini nikiwaona hutoka chumbani. Je, mimi ni mbaya?

Jibu

Marahaba, mjukuu wangu. Hapana. Unaona kwa macho kwamba upole uliwezekana tangu mwanzo, na hilo linauma kuliko fimbo yenyewe. Wazazi wanaobadilika hupenda kuanza ukurasa mpya kwa mtoto mdogo, na hawakumbuki kwamba ukurasa wa zamani una mtu ndani yake ambaye bado anakula meza moja nao. Baba yako anakudai nidhamu, na wewe unamdai radhi. Akisema hakuwa akijua, huenda ni kweli, na bado haitoshi.

Binti yangu wa kwanza aliniuliza jambo hili akiwa na miaka 30, tukichambua mchele kwenye ungo. Nilimjibu kwamba siku zile nilikuwa na kazi nyingi. Hakusema neno, akaendelea kutoa mawe. Nilikaa wiki mbili kabla ya kumrudia na jibu jingine, na nilipolisema alikuwa tena na ungo magotini, akauweka chini.

Mwonyeshe baba yako ukurasa huu kama huwezi kuanza mwenyewe. Usimwulize mbele ya mdogo wako, na jibu lake la kwanza likiwa baya, mpe zile wiki mbili.